Dawa Bure, Nauli Juu Yako: Hesabu ya Mzazi Mwenye Mtoto wa Saratani

Mzazi anapoambiwa mwanawe ana saratani, jambo la kwanza linalomrudishia pumzi ni kusikia kwamba dawa hazilipiwi. Ni kweli. Shirika la Tumaini la Maisha, lililoanzishwa mwaka 2011 na kufanya kazi pamoja na hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam, limejenga mtandao na hospitali nyingine kubwa, zikiwemo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, ili watoto watibiwe bila familia kutozwa. Kinachowashinda wengi ni nauli, pa kulala, chakula, na genge lililofungwa kwa sababu mama yuko wodini. Hesabu hiyo haiandikwi kwenye karatasi yoyote ya hospitali, na ndiyo inayofanya watu wakatishe matibabu.

Kukatisha kunaua. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani, wakati katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Kuchelewa kugundulika ni sababu mojawapo, na kuacha dawa katikati ni nyingine.

Tuanze na nauli. Viwango vya LATRA, mamlaka inayosimamia nauli za mabasi, vilivyotangazwa mwishoni mwa 2023 viliweka basi la kawaida shilingi 48.47 kwa kilomita. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, kama kilomita 1,150, ni takriban shilingi 55,700 kwa mtu mmoja. Mama na mtoto, kila mmoja na kiti chake, kwenda na kurudi, ni karibu 223,000, na hapo hamjala wala kulala. Kwa viwango hivyohivyo, familia ya Geita inayokwenda Bugando, kama kilomita 120, inatumia chini ya 24,000 kwa watu wawili kwenda na kurudi, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hakuna tena kusubiri kivuko na mtoto mwenye homa.

Sasa zidisha. Saratani ya damu inayowapata watoto wengi hutibiwa miaka miwili hadi mitatu, na mwanzoni sindano huwa za kila wiki. Burkitt, ule uvimbe wa taya au wa tumbo, humalizwa kwa miezi michache. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia Dar es Salaam kwa kuamini kwamba kikubwa ndicho bora, muulize daktari maswali mawili: matibabu haya yatachukua muda gani, na ni hatua zipi haziwezi kufanyika karibu na nyumbani? Kama ni mionzi au upasuaji wa jicho peke yake, nenda kwa hilo, kisha uombe dawa zilizobaki zitolewe kwenye hospitali ya kanda. Ninavyoona mimi, ugonjwa wa miaka mitatu unamtaka mzazi achague hospitali anayoweza kuifikia hata mwezi asio na kitu mfukoni.

Wa mbali bado wana swali la kulala, na hapa ndipo watu huingia hasara wakidhani wameokoa. Kwa ndugu hulipi kodi. Lakini ndugu akiwa Chanika au Mbagala, kila kliniki ni daladala mbili za kubanana, na mtoto anayewekewa dripu za dawa za saratani huwa na chembe nyeupe chache za damu. Kikohozi cha abiria wa jirani kinaweza kumlaza. Homa yake nayo haisubiri asubuhi. Ikipanda saa nane za usiku anatakiwa awe hospitali mara moja, na usiku huo utakodi gari kwa bei utakayotajiwa. Nyumba zilizotengwa kwa ajili ya watoto hawa, kama Ujasiri ya Dar es Salaam, huwaepusha na safari hizo, na zina faida nyingine tena: mama anakaa na wenzake wanaojua vidonda vya mdomoni ni nini, na mtoto anacheza na wenye vipara kama yeye bila kukodolewa macho. Ombeni nafasi mapema kupitia ustawi wa jamii wa hospitali, na hapohapo ombeni barua ya kumpelekea mwalimu mkuu ili jina la mtoto lisifutwe shuleni.

Chakula msikibane. Mtoto mwenye utapiamlo hustahimili dawa kwa shida, na dozi zikiahirishwa siku za kukaa mjini zinaongezeka. Uji wa lishe uliopoa kidogo hupita hata kwenye mdomo wenye vidonda. Yai liive kabisa, maji yachemshwe. Hela inayokwenda kwenye soda na makopo ya virutubisho yanayouzwa kwa maneno matamu ingenunua maziwa na dagaa.

Maumivu ndiyo yanayopuuzwa kuliko yote. Wazazi hununua diklofenaki au aspirini duka la dawa kwa kuwa ni rahisi, na dawa hizo zinaweza kumtoa damu mtoto ambaye chembe zake za kugandisha damu zimeshuka. Hata parasetamoli, pima joto kwanza, isije ikaficha homa. Kwa maumivu makali dawa ni morfini ya kunywa, unga unaochanganywa na maji katika famasia ya hospitali. Ni ya bei ndogo na haihitaji sindano. Uganda huwapa wagonjwa bure. Mtoto anayepewa kwa kipimo cha daktari hageuki teja. Analala, anakula, anaomba mpira.

Kuna familia zitakazoambiwa dawa hazifanyi kazi tena. Waganga na watu wa kuchangisha wataahidi mengi wakati huo, na ng'ombe wa mwisho atauzwa. Ulizeni waziwazi kama mtoto anaweza kwenda nyumbani akiwa bado na nguvu za kukaa kwenye kiti cha basi, maana kusafirisha mwili ni ghali mara nyingi zaidi ya tiketi, na yeye mwenyewe mara nyingi anataka kumwona bibi na wadogo zake. Msiondoke bila chupa ya morfini ya kutosha, namba ya muuguzi wa kupigiwa usiku, jina la hospitali ya karibu itakayoijaza tena, na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga choo.