Tarakimu ya Tano kwenye Cheti cha Hataza

Kila Aprili na Oktoba wafanyabiashara wetu huingia Maonyesho ya Canton pale Pazhou, Guangzhou. Katika mabanda mengi hukuta cheti cha hataza kimetundikwa ukutani, na mnunuzi aliyetoka Kariakoo, Dar es Salaam, au Nyamakima, Nairobi, huondoka akiamini kuwa serikali ya China imeichunguza bidhaa ile na kuthibitisha kuwa ni mpya. Mara nyingi haikufanya hivyo.

Isome namba. Huanza na herufi ZL, kisha tarakimu nne za mwaka wa maombi. Inayofuata, ya tano, ndiyo ya kuitazama. Ikiwa 1, ni hataza ya uvumbuzi, inayodumu miaka 20. Ikiwa 2, ni hataza ndogo ya umbo au muundo wa kifaa, miaka 10. Ikiwa 3, inalinda sura ya nje tu.

Ni ya kwanza pekee inayopita kwenye uchunguzi wa kina. Mchunguzi hufuata Kifungu cha 22 cha Sheria ya Hataza: je, kitu hiki ni kipya, kina ubunifu ambao fundi wa fani hiyo asingeufikia kirahisi, na kinaweza kutengenezwa na kutumika? Upya hupimwa kwa dunia nzima. Kabla ya Oktoba 2009, bidhaa iliyotumika nje ya China bila kuandikwa popote haikuhesabiwa, sasa inahesabiwa. Jiko la mkaa lenye kikombe cha udongo limeuzwa Nairobi tangu miaka ya 1980, na hilo latosha kumnyima hataza yeyote atakayelipeleka Beijing kama lake. Hata cheti kikishatolewa, mtu yeyote anaweza kuomba kifutwe.

Zile mbili nyingine hupewa ukaguzi wa awali. Tangu Januari 2024 mchunguzi anaweza kuikataa hataza ndogo ambayo ni dhahiri haina ubunifu, lakini bado haipekuliwi kama uvumbuzi unavyopekuliwa. Kwa hiyo muuzaji akikutisha kwa cheti chenye 2 au 3, mwombe ripoti ya tathmini ya hataza. Hutolewa na ofisi ileile ya hataza iliyoko Beijing, na mahakama za China huweza kuidai kesi inapofunguliwa.

Kinachoniuma zaidi ni wabunifu wetu wanaofika Pazhou na sampuli mkononi, na kuionyesha banda kwa banda kabla ya kuandikisha chochote. Sheria ina msamaha wa miezi sita kwa baadhi ya maonyesho, lakini ni mwembamba na una masharti ya ushahidi, usiutegemee. Peleka maombi kwanza BRELA ukiwa Tanzania, au KIPI ukiwa Kenya. Chini ya Mkataba wa Paris utakuwa na miezi 12 (sita tu kwa sura ya nje) ya kuomba China huku ukihesabiwa tarehe ile ya kwanza, na lolote utakaloonyesha baada yake halitakuharibia.

Kwa upande wa pili, hataza ya China haina nguvu Dar es Salaam wala Mombasa kama mwenyewe hakuiombea huku, moja kwa moja au kupitia ARIPO, shirika la kikanda la hataza. Lakini kiwanda kinachokutengenezea bidhaa hiyo bila ruhusa kinavunja sheria kulekule, na kama mwenye hataza ameisajili kwa forodha ya China, kontena lako linaweza kuzuiwa bandarini kabla halijapakiwa melini.