Stesheni ya Mpanda, Mwisho wa Njia

Wengi katika wasomaji wetu hudhani kwamba kila stesheni ya reli hujengwa kwa ajili ya wasafiri. Ile ya Mpanda haikujengwa hivyo. Ilijengwa kwa ajili ya risasi; wala hatukusudii risasi ya bunduki, bali madini yale mazito ya rangi ya kijivu.

Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Mpanda mbali upande wa kusini. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi Mukwamba, karibu na Mpanda, wenye risasi iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Madini mazito namna hiyo yafikeje pwani? Ndipo serikali ya Kiingereza ilipotandika tawi la reli kutoka Kaliua, mwendo wa kilomita zipatazo 210, kuvuka mto Ugalla na misitu ya miombo. Tawi hilo likafunguliwa mwaka 1950.

Mpanda si kama Tabora, ambako njia hugawanyika kwenda Mwanza na Kigoma. Hapa njia imekwisha. Injini iliyokuja ikiongoza hufunguliwa, ikapitishwa reli ya pembeni, ikafungwa upande wa pili. Na behewa lililokuwa la nyuma likawa la mbele. Watoto hupenda sana kuitazama kazi hiyo, na sisi watu wazima pia, tukisema kweli.

Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Basi reli iliyotandikwa kwa madini ingebaki kwa nini? Hofu hiyo haikuwa ya bure: reli ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa siku zile zile kwa ajili ya mashamba ya karanga, ilifungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Ya Mpanda ilisalimika. Wako wachimbaji waliorudi makwao, na wako waliobaki wakalima. Wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972 wakapewa ardhi Katumba, na reli yapita huko huko. Mahindi, mpunga na tumbaku vikachukua mahali pa risasi. Tena masika yalipozifanya barabara kuwa matope, mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara walikuwa hawana ila gari la moshi.

Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012, Mpanda ukawa mji wake mkuu. Sasa lami imefika kutoka Tabora, na basi hushinda treni kwa mbio. Lakini mwenye magunia na watoto wanne hupiga hesabu nyingine.

Uko pia mpango wa serikali wa kuiendeleza reli hata Karema, penye bandari mpya ya Ziwa Tanganyika. Siku itakapofika huko, treni iendayo ziwani haitageuziwa tena injini Mpanda. Itasimama kidogo, kisha itaendelea mbele.