Peni Moja, Bei ya Nduthi Mpya: Cheki Wajapani Wanapaka Nini Hapo Juu

Kama umewahi kuagiza stuli kwa fundi hapa Kamenu mwezi wa Julai, hii story unaijua. "Boss, vanishi imekataa kukauka, ni hii baridi na unyevu. Kuja Ijumaa." Ijumaa unafika, bado inashika vidole.

Sasa skia hii. Japani kuna rangi inaitwa urushi, na yenyewe bila unyevu haishiki. Fundi anaweka kazi yake ndani ya kabati lililoloweshwa maji, unyevu ukae kama asilimia 70 hadi 85, joto nyuzi ishirini na kitu. Ndani ya urushi kuna kimeng'enya kinachotumia oksijeni ya hewani kuifanya iwe ngumu. Ikishashika vizuri, maji na pombe haziiwezi, hata asidi inahangaika.

Urushi ni utomvu wa mti, na huo mti ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Unajua vile ukiguguna embe na ganda lake midomo inawasha? Ni hiyo mambo, lakini urushi ikiwa mbichi ni kali zaidi, ngozi inafura na kutoka vipele. Mti wenyewe unangojewa miaka kama 10 hadi 15 ndio uchanjwe, na msimu mzima unatoa gramu 200 hivi. Hiyo ni kama glasi moja ya chai, buda. Halafu mara nyingi unakatwa.

Iliingiaje kwa peni? Mwaka wa 1918 jamaa anaitwa Ryosuke Namiki alianzisha na mwenzake kampuni ambayo leo ni Pilot, ndio hao hao wa biro unazoona madukani. Peni za wino za wakati huo zilitengenezwa na ebonaiti, raba ngumu nyeusi, na ikipigwa na mwanga inapauka. Urushi ikawa dawa. Inapakwa nyembamba, inawekwa kabatini ishike, inasuguliwa kwa makaa laini, inapakwa tena. Na tena.

Halafu kuna maki-e, na hapa ndio mimi huchizi. Fundi anachora samaki ama maua kwa urushi mbichi, na kabla haijashika ananyunyiza unga wa dhahabu juu yake. Picha ikikubali, anafunika na urushi ingine na kusugua mpaka dhahabu itokee. Kufikia 1930 Dunhill ya London ilikuwa imeingia dili na Namiki kuziuza Ulaya.

Leo peni ya maki-e inaweza kupita dola 1,000. Wasee hudhani ni dhahabu inaleta hiyo bei, kumbe dhahabu ni vumbi kidogo tu. Hiyo doh nyingi ni miezi ya mtu ameketi akingoja tabaka moja lishike ndio apake lingine.

Na ukibahatika kupewa moja, usiiache kwa dashibodi ya gari. Urushi inavumilia asidi, lakini jua la mchana linaiua pole pole.