Saratani ya Figo: Alama Zinazobashiri Mwendo Wake

Wagonjwa wawili wamepasuliwa na kuondolewa figo yenye saratani. Uvimbe wao ulikuwa na ukubwa ule ule, na seli zake zikitazamwa kwa hadubini zinafanana. Hata hivyo, mmoja aweza kuishi miaka mingi akiwa mzima, na mwenziwe akapatwa na saratani mapafuni baada ya muda mfupi. Ni nini kinachowatofautisha?

Saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi kwa watu wazima huitwa ya seli angavu. Chanzo chake kilianza kufahamika mwaka 1993, ilipogunduliwa jeni ya VHL katika kromosomu ya 3. Protini ya jeni hiyo huitia alama protini nyingine, HIF, ili iteketezwe maadamu oksijeni inatosha. VHL ikiharibika, HIF hulimbikizana. Seli hufanya kama iliyokosa oksijeni, na kuamsha mishipa mipya ya damu, ambayo huulisha uvimbe.

Lakini kwa kuwa VHL huharibika katika sehemu kubwa ya saratani za aina hii, haitoshi kubainisha ipi ni kali na ipi ni pole. Ilibidi kutafuta zaidi. Katika kromosomu hiyo hiyo zimo jeni mbili nyingine, PBRM1 na BAP1, ambazo protini zake husaidia kusimamia namna uzi wa DNA unavyokunjwa na kukunjuliwa. Ni nadra zote mbili kuharibika katika uvimbe mmoja. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao BAP1 imeharibika huishi muda mfupi kuliko wale ambao PBRM1 ndiyo iliyoharibika.

Upimaji wenyewe waweza kufanywa kwa kipande chembamba cha uvimbe. Kipande hicho hutiwa kingamwili inayonasa protini ya BAP1, kisha rangi. Viini vya seli za saratani visiposhika rangi, hiyo ni dalili kwamba protini imetoweka.

Yafaa ikumbukwe kwamba alama hizi hueleza mwelekeo wa kundi la wagonjwa, wala hazikati hukumu ya mtu mmoja. Ukubwa wa uvimbe na kuenea kwake bado ni mambo ya kwanza kuangaliwa. Faida ya alama ni kumwonyesha daktari nani apaswa kuchunguzwa kwa karibu zaidi, kabla ugonjwa haujarudi.