Simu ya intaneti kutoka ng'ambo: mambo ya kujua kabla ya kuichomeka

Jamaa zetu walioko Marekani hutukumbuka kwa zawadi mbalimbali. Moja ni kisanduku cha simu ya intaneti. Unakiunga na intaneti, unachomeka simu ya mezani ya kawaida, halafu unaongea.

Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani ninapofanya kazi, huku Ituri, familia moja ililetewa kisanduku kama hicho. Kamati ilikubali kiwekwe ofisini, penye jenereta na intaneti. Kilipochomekwa tu kikatoa moshi. Kufika jioni, watu walikuwa wakisema kimeharibiwa kusudi na watu wa kabila lingine. Tulikaa siku mbili kusikilizana, mpaka fundi wa redio alipoisoma chaja yake mbele ya wote. Kosa lilikuwa la umeme tu.

Umeme. Marekani wanatumia volti 120, Kongo tunatumia volti 220. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiwa imeandikwa INPUT 100-240V, unahitaji tu kichwa kinachoingia katika prizi zetu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke. Mwite fundi kwanza.

Namba. Namba ya kisanduku hubaki ya kule kilikotoka. Ikiwa ni ya Marekani, inaanza na +1. Shangazi aliye Texas akikupigia, kwake ni kama kupiga simu ya nchini mwake. Lakini jirani yako wa Bunia akipiga namba hiyo, atatozwa bei ya kupiga Marekani, hata kama mnakaa hema kwa hema.

Usalama. Hapa viongozi wasikilize vizuri. Namba ya dharura ya Marekani, 911, ikipigwa kwa kisanduku hiki, huelekezwa kwenye anwani iliyoandikishwa kule. Hakuna atakayefika Ituri. Tena, umeme au intaneti ikikatika, simu hiyo nayo inakufa. Kwa hiyo, usiku wa mashaka msiitegemee. Kamati iwe daima na simu ya mkononi yenye chaji na salio, na namba za viongozi ziandikwe kwenye karatasi.

Sauti. Mazungumzo ya simu moja huweza kuhitaji kilobiti 100 hivi kwa sekunde, kwenda na kurudi. Kama intaneti yenu inapitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, jibu huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Ngojeni mwenzenu amalize. Kimya hicho si hasira.

Sheria. Mawasiliano nchini yanaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, na msimamizi ni ARPTC. Tunzeni karatasi za forodha. Kabla ya kutoza watu pesa ili wapige simu, ulizeni ruhusa.

Mapatano. Kabla ya kuchomeka, kaeni pamoja: wenye kisanduku, kamati, wamama, vijana na wenyeji. Andikeni nani anashika ufunguo, saa za kupiga ni zipi, nani analipa mafuta ya jenereta. Someni chaja mbele ya watu wote. Kule kambini kwetu, dakika tano za kufanya hivyo zingetuokolea siku mbili za ugomvi.