Bei ya Picha za Harusi na Amana Iliyomo Ndani Yake



Katika harusi za watu wetu hapa Uingereza kuna jambo moja ambalo huachwa hadi mwisho, nalo ni ujira wa mpiga picha. Ukumbi hulipiwa miezi kabla, mpishi hupewa fedha za nyama na mchele mapema, na mpakaji hina hafungui mkoba wake kabla hajaliona fungu lake. Mpiga picha huambiwa: "Wewe ni mwanetu, tutaelewana." Sisi ni dada wawili tunaopiga picha upande wa wanawake, na neno hilo la kuelewana tumelisikia mara nyingi hata tukaamua kulifanyia hesabu.

Harusi yetu ya kwanza ya malipo ilikuwa Northampton, nasi twakaa London. Tulitaja pauni 400, tena kwa haya. Mama wa bibi arusi alishtuka, akasema kwa upole kwamba kazi yenyewe ni kubonyeza tu. Tulimstahi, tukanyamaza. Baada ya kukabidhi albamu tulikaa jikoni, tukaandika nyuma ya bahasha ya mwaliko yote yaliyotutoka. Petroli na maegesho pauni 45, albamu na ufungaji wake 140, diski za kuhifadhia 25, jumla 210. Kisha gharama za mwaka mzima, yaani uchakavu wa kamera na lenzi, bima, kompyuta na programu zake: pauni 1,500, zigawanywe kwa harusi kumi tulizozitarajia mwaka ule, ni 150 kwa kila harusi. Zikabaki pauni 40.

Ndipo tukahesabu saa. Siku ya harusi saa nane kwa kila mmoja wetu, ni 16. Safari ya kwenda na kurudi saa tatu kila mmoja, ni sita. Kukutana na familia na kujibu simu, tatu. Kuchagua na kurekebisha picha, 19. Kuipanga albamu, nne. Saa 48 kwa pauni 40: peni 83 kwa saa. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara kilichowekwa nchini humu Aprili 2025, kwa mwenye umri wa miaka 21 na kuendelea, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Tungeliosha vyombo katika mkahawa wowote, tungelirudi nyumbani na kitu.

Hatumlaumu mama yule. Zama za filamu, gharama ilionekana kwa macho. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na mteja alijua kuwa kila mlio wa kamera unakula fedha ya filamu, ya kusafisha na ya karatasi. Siku hizi kamera hupiga picha elfu mbili kwa siku moja na hakuna kinachoonekana kupungua. Kilichopungua ni usiku wa mpiga picha, naye huwa peke yake mbele ya kompyuta, hakuna shahidi.

Bei tuliyoijenga baadaye ilianzia kwenye bahasha ile ile. Tulikubali kwamba harusi ishirini kwa mwaka ndizo tunazoziweza, kwa kuwa watu wetu huoa zaidi siku za Jumamosi na katika likizo za shule, na Ramadhani yote hupita bila harusi. Gharama za mwaka zilipanda hadi pauni 2,400 baada ya kununua kamera ya akiba, kwani kamera ikizima katikati ya kupamba bibi arusi hawezi kuambiwa aingie tena. Hiyo ni 120 kwa kila harusi. Ongeza zile 210. Saa 48 kwa pauni 14 ni 672. Jumla 1,002. Tukaongeza sehemu moja katika kumi kwa ajili ya yasiyotazamiwa, tukasimama kwenye pauni 1,100. Kodi hatukuiweka kando; hutoka katika zile pauni 14 za saa, kama inavyotoka katika mshahara wa mtu yeyote. Anayeanza kazi hii na aweke risiti zake zote, kwani mwaka wa kodi humu huisha tarehe 5 Aprili, na risiti iliyopotea ni fedha iliyopotea.

Je, nani atalipa 1,100 ilhali binamu ana simu nzuri? Hapa ndipo tulipochelewa kufahamu tunauza nini. Mama wa Kiislamu hanunui picha tu. Ananunua hakika ya kwamba binti yake, aliyekaa kwenye jukwaa nywele wazi na shingo wazi mbele ya wanawake wenzake, hataonekana kesho katika simu ya mwanamume asiyemjua. Hiyo ni amana, nayo ina gharama zake. Sisi hatupeleki picha za kupamba kwa mrekebishaji wa nje, ingawa wako wa bei nafuu. Ndiyo maana zile saa 19 ni zetu wenyewe. Picha hukaa katika diski mbili zenye neno la siri, na tumeafikiana na mchapaji mmoja mwanamke, ambaye bei yake imezidi kidogo ya wengine. Baada ya miezi sita tangu kukabidhi, tunazifuta, na mwenye picha hupewa habari kwanza.

Tunawaeleza wateja pia jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988, kifungu cha 85, humpa mtu aliyeagiza picha kwa matumizi ya binafsi na ya nyumbani haki ya kutaka zisitolewe kwa umma wala zisionyeshwe hadharani, hata kama hakimiliki ni ya mpiga picha. Kwa hiyo mpiga picha anayeitundika harusi ya mtu mtandaoni bila ruhusa anaweza kuwa amemvunjia haki yake mbele ya sheria, mbali na kumvunjia heshima.

Lakini amana hiyo hiyo hutunyima tangazo. Wenzetu huonyesha kazi zao kwa dunia nzima, sisi hatuwezi. Tulihangaika kwa muda, kisha tukaona kwamba harusi ina mengi yasiyo uso wa mtu: mikono yenye hina, chetezo cha udi, viatu vilivyorundikana mlangoni, jukwaa lililopambwa kabla watu hawajaingia, sinia za biriani zikishushwa. Hizo ndizo tunazozionyesha hadharani, kwa ruhusa. Za kupamba tunayo albamu moja, ya ndugu yetu aliyeridhia, nayo hubebwa mkononi hadi sebuleni kwa mteja, ikafunguliwa mbele ya wanawake tu. Ni harusi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja huona pia picha za kawaida, za bibi kizee akisinzia na za watoto waliochoka, akajua ndicho atakachopata. Albamu hiyo imetuletea kazi nyingi kuliko maneno yetu.

Ndugu na jamaa ndio mtihani mgumu zaidi. Ukimpunguzia mpwa wako kimya kimya hadi 800, ataeleza kwa furaha kwamba ulimpigia kwa 800, na kufikia Idi hiyo ndiyo bei yako katika mji mzima. Sisi huandika bei kamili, 1,100, na chini yake twaandika: zawadi kutoka kwetu, pauni 300. Naye asiye na uwezo hatumpunguzii bei ya kazi ile ile, tunapunguza kazi. Nikahi na picha za familia kwa saa mbili, mpigaji mmoja, bila albamu, pauni 280. Wapo waliochagua hivyo, na wakafurahi.

Limebaki suala la arbuni. Mara moja familia ilituvunjia miadi siku kumi kabla ya harusi. Hatukuwa tumechukua kitu, na Jumamosi ile tulikuwa tumewakatalia watu wengine. Tangu siku hiyo tunachukua pauni 200 mwanzoni. Wapo waliotuuliza iwapo ni halali kubaki nayo mteja akighairi, na suali lao ni la haki, kwani wanazuoni wa Kishafii, pamoja na wa Kihanafi na wa Kimaliki, hawakuijuzisha arbuni ya namna hiyo. Imam Ahmad bin Hanbal aliiruhusu. Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha nane kule Brunei, liliijuzisha kwa sharti la kuwekwa muda maalumu, na likaiingiza ijara katika hukumu hiyo. Sheria ya nchi nayo ina mpaka wake: chini ya Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, sharti la dhuluma halimfungi mteja, na arbuni kubwa isiyolingana na hasara yaweza kuhesabiwa hivyo. Kila mtu na amwulize shekhe anayemwamini. Sisi tumeandika kwamba harusi ikiahirishwa kwa msiba au maradhi, arbuni huhamia tarehe mpya. Tukipata kazi nyingine siku ile ile, huirudishwa yote. Tusipopata, hubaki kwetu.

Na kwa kuwa tunafahamiana, tumeandika pia saa. Mwaliko ukisema saa kumi, bibi arusi wetu huingia saa moja ya usiku, na hilo halina dawa. Saa nane za kazi huanza kuhesabiwa tunapofika, na kila saa inayozidi ni pauni 60 kwa sisi wawili. Tangu tuandike hivyo, mama mmoja alitupigia simu asubuhi ya harusi akatuambia tusije saa kumi, tuje saa kumi na mbili.