Kerezo ya muguu: kutengeneza viti nyumbani bila kuranti



Wengi wetu tuko na grevilea ao kalitusi ku mipaka ya shamba. Mara nyingi tunauza muti ungali umesimama, mununuzi anauchoma makala, na faida inabaki kwake. Hapa tunaeleza namna muti huo unaweza kuwa kiti, na juu ya nini viti vingi vinaanza kutikisika kiisha miezi michache.

Kerezo inafanya nini?

Kerezo inazungusha kipande cha muti wakati fundi anakikata kwa patasi, mupaka kiwe mviringo. Ile ya muguu haiombi kuranti wala mafuta ya motere. Inaomba mihimili miwili imara, kila mumoja na ncha ya chuma. Kipande kinabanwa katikati ya zile ncha. Juu kuko ufito murefu wenye kupindika. Kamba inatoka ku ufito, inazunguka kipande mara mbili, inashuka mupaka ku kanyagio.

Ukikanyaga, kipande kinazunguka kuja kwako: hapo kata. Ukiachilia, ufito unavuta kamba na kipande kinarudi nyuma: ondoa patasi kidogo. Patasi ilale kila mara juu ya ubao wa kuegemea. Paka zile ncha mawese ili zisipate moto.

Muti gani?

Tumia muti mubichi, unakatika vizuri. Pasua kwanza kipande kifupi kwa shoka. Kikipasuka wima, muti unafaa. Nyuzi zikijisokota sawa kamba, huo ni wa kupikia. Miguu pia ipasuliwe kwa shoka, kwa sababu musumeno unakata nyuzi, lakini shoka inazifuata. Toa moyo wa muti: kipande chenye moyo ndani kinapasuka kikikauka. Kalitusi inapasuka zaidi, kwa hiyo kwa kuanza grevilea ni rahisi.

Siri ya kiti kisichotikisika

Muti ukikauka unakonda kwa unene, lakini kwa urefu karibu hapana. Ukipiga kipande kibichi ndani ya tundu, leo kinakaza. Kesho kinakonda, kinalegea, na musumari hauwezi kukirudisha. Muuzaji ndiye anapoteza jina. Basi, kwa kiti cha miguu 4 chenye kikalio cha kamba, fanya hivi:

1. Anza na vipande 8 vya kulala, 4 vya juu na 4 vya chini. Ku ncha zao acha milimeta 2 ao 3 za ziada.
2. Vitundike jikoni juu ya moshi, mbali na miali. Kila juma vipime ku mizani ya koperative. Uzito ukiacha kupunguka, vimekauka.
3. Sasa kereza miguu. Iache siku chache, toboa matundu ingali na maji kidogo. Matundu ya pande mbili yasikutane: ya upande mumoja yawe juu kidogo.
4. Punguza ncha kavu mupaka ziingie kwa kupigwa nyundo ya mbao. Muguu utakauka, tundu litakaza, na ncha haitatoka.

Tugawane kazi

Kule Uingereza, karibu na High Wycombe, mafundi walikereza miguu ya viti msituni kwa kanyagio mupaka karne ya 20. Hawakutengeneza kiti kizima. Waliuza miguu na vipande vya kulala, na viwanda vya mujini viliunganisha. Sisi pia tunaweza: kila memba anakereza kwake, koperative inakausha, inaunganisha na kuuza. Lakini inaomba kipimo kimoja kwa wote. Kateni fimbo moja yenye alama za urefu, na ubao mugumu wenye tundu moja la kujaribia ncha. Kipande kisichopita hapo kisipokelewe.

Tuwe na uangalifu

Kitenge kifungwe vizuri, nywele zifunikwe, watoto wakae mbali na kamba. Noa patasi mara kwa mara: isiyo na makali inaruka ku mukono.

Mbele ya kukata muti wa pili, tengenezeni kiti kimoja tu. Mukikalie nyumbani kiangazi kizima. Kikibaki imara, hapo muko na kitu cha kupeleka ku soko.